Soda Isiyo na Sukari na Kidole Changu cha Mguu

Nianze na ile ya kopo jeusi, kwa kuwa ndiyo yenye majivuno zaidi. Imeandikwa kwamba haina sukari hata chembe, na kwamba ladha yake ni ile ile. Sijui aliyeandika hivyo alikuwa na ulimi wa kitu gani. Ukiifungua povu linapanda, pua inawasha, na kwa kitambo kidogo unaamini umesamehewa. Kisha utamu unafika, umechelewa, unaketi nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka. Saa nzima baadaye ukimeza mate unaukuta pale pale, kama jamaa aliyekuja kusalimia akalala.

Ya pili ni ile ya kopo la rangi ya mabati mapya, dada yake mkubwa, ambayo watu wembamba wa Nairobi wanaiheshimu. Hii haidanganyi kuhusu ladha, kwa sababu haina. Ni maji yenye hasira. Ya tatu ni ya limau, katika chupa ya plastiki ya kijani, na ladha yake ni kama ya kikombe kilichosuguliwa kwa sabuni kikasahaulika kusuuzwa. Kuna ya nne, ya tangawizi, ambayo nimeiona mara moja tu katika hoteli wanayolala wageni wa mashirika. Niliuliza bei. Nikairudisha kwenye friji, na mhudumu akaja kufuta alama za vidole vyangu mlangoni.

Mtu mwenye shahada mbili na kitambi kimoja hajifunzi mambo haya kwa hiari. Miaka minne iliyopita daktari aliniambia nina sukari, na kwamba soda nimeshakunywa za kunitosha maisha. Sikumwambia kwamba nilikuwa nakunywa mbili kwa siku, tatu kukiwa na mkutano. Sasa ninaandika haya kwa sababu ya kidole cha pili cha mguu wangu wa kushoto, ambacho mwaka jana, kwa majuma kadhaa, hakikuwa na uhakika wa kuendelea kuwa changu.

Mimi ni afisa wa elimu. Kazi yangu ni kuzunguka shule za Garissa, na mara nyingine kuvuka hadi Wajir, nikikagua madarasa na kuwaambia walimu mambo ambayo tayari wanayajua. Nililetwa hapa kutoka bara kwa miaka miwili. Huu ni wa kumi na moja. Wenyeji wakitaja tulikotoka husema "Kenya", kama vile hapa ni kwingine, na ikifika saa saba mchana, jua likiwa limekaa juu ya kichwa, huwa sina hoja ya kuwapinga. Saa kama hiyo mtu hataki ushauri wa lishe. Anataka kitu baridi, chenye gesi, kinachokwaruza koo.

Chai haikuwa njia ya kutokea. Garissa sukari haiwekwi kikombeni. Inachemshwa pamoja na maziwa, hiliki na tangawizi, kisha chai yote inamiminwa kwenye chupa kubwa, na ikishaingia humo hakuna mjadala. Siku za mwanzo za ugonjwa wangu niliingia hoteli moja karibu na Soko Mugdi nikaagiza chai bila sukari. Mhudumu, mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina, alinitazama kwa huzuni.

"Bila sukari kabisa?"

"Kabisa."

"Hiyo si chai, ndugu yangu. Hiyo dawa. Duka la dawa liko upande ule."

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, nikaagiza soda nyeusi ya kopo. Hakuwa nayo. Alikuwa na ya machungwa, kubwa, na mvuke wa barafu umeganda kwenye chupa. Niliinywa kwa adabu, kwa sababu mtu hawezi kukaa kwenye meza ya watu bila kuagiza kitu. Adabu ndiyo iliyonigharimu zaidi katika maisha yangu. Sina dhambi nyingine kubwa.

Upatikanaji wa soda hizi, basi. Mjini Garissa nilizipata katika duka moja kubwa, kwenye rafu iliyo kando ya dirisha linalotazama magharibi. Zilifika kutoka Nairobi juu ya lori, chini ya turubai, kisha zikapangwa pale zichomwe na jua la alasiri mpaka mtu kama mimi atokee. Utamu ule wa maabara hauvumilii joto. Baada ya mwezi mmoja dirishani unakufa kabisa, na unachokinywa ni povu chungu la rangi ya oili chafu. Nilimwambia meneja azisogeze kwenye kivuli. Akaniambia kivuli ni cha maziwa.

Masalani niliuliza soda isiyo na sukari katika duka la kando ya kivuko. Mwenye duka akamwita jirani yake. Wakajadiliana kwa muda, kwa heshima, kama watu waliopewa shauri la mirathi. Mwishowe mwenye duka akainama chini ya meza na kuniletea chupa ya maji.

"Hii haina sukari," akasema.

Alikuwa sahihi kabisa, nami nilimdharau kwa moyo wangu wote.

Hadado ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kule watu ni wakarimu. Mwalimu mkuu wa shule niliyoikagua alinimiminia chai, nikakataa, nikaeleza hali yangu. Alinisikiliza akitikisa kichwa, akasema Mungu atanipa shifaa, kisha akaniletea maziwa ya ngamia. Nilipoyamaliza alikumbuka kwamba mgeni hajapata kitu kitamu. Akatuma watu wakanunue soda. Ilikuja ya moto, nyekundu, imetikiswa na pikipiki. Walimu sita walisimama kunitazama nikiinywa. Niliimaliza. Kisha nikaandika katika ripoti kwamba uongozi wa shule ni mzuri.

Ilikuwa Dagahaley, ndani ya kambi ya wakimbizi, ambako hatimaye niliamini nimefika. Tulikwenda kukagua shule mbili, na mchana dereva wa ofisi akanipeleka sokoni tupate kitu baridi. Soko la pale limejengwa kwa miti na mabati, lakini vitu vyake vimetembea kuliko mimi: tambi za Italia, manukato ya Dubai, maziwa ya unga ya nchi nisizozijua. Muuzaji alifungua jokofu lililofunikwa blanketi, akatoa makopo mawili membamba, marefu, ya rangi ya mabati mapya. Maandishi yote yalikuwa ya Kiarabu, ya buluu, yamejikunja vizuri.

Nitaeleza nilivyofikiri, kwa sababu nimelipiwa karo miaka mingi ili nifikiri. Kopo la rangi ile, nilijua, ndilo huvalishwa soda isiyo na sukari. Lilikuwa jembamba, soda ya wanene huwekwa kwenye kopo nene. Halikuwa na picha ya tunda, wala nyota, wala mtoto anayeruka. Lilikuwa kopo la watu wazima wenye maradhi. Nikahitimisha. Dereva, ambaye hakuwa na shahada hata moja, aliuliza, "Mkubwa, hii ni ile yako?" Nikamwambia inaonekana wazi.

Nikanywa. Nikaligeuza kopo. Nikanywa tena.

Ilikuwa tamu. Si ule utamu unaochelewa. Huu ulifika na gesi, ukafanya kazi yake, ukaondoka kwa heshima. Haukuacha ladha ya chuma mdomoni. Nilimtazama dereva nikamwambia kwamba wenzetu wa ng'ambo ya bahari wametuacha mbali sana, kwamba viwanda vyetu vinatuuzia takataka kwa sababu tunakubali, na kwamba hapa, katika kambi ya watu waliokimbia vita, tumekuta kitu ambacho Nairobi hawana. Dereva alisema ni kweli, ni tamu sana. Akanunua ya pili.

Tuliporudi Garissa niligundua kwamba soda hiyo ilikuwa ikiuzwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Mwenye duka ni mama wa makamo, mjane, mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi na Kiswahili cha Kisomali ambacho kila p ni b, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiniuzia maji, mayai na mkate wa ngano nzima, na kunipa pole kila mara. Makopo yale alikuwa ameyapanga kwenye friji nyuma ya maziwa, ndiyo maana sikuyaona. Nikaanza kununua mawili kwa siku. Likija joto kali, matatu. Yeye alinihudumia akitabasamu. Siku ya kwanza alisema "Mashallah." Nikadhani anafurahia biashara.

Naona aibu kusema niliyoyafanya katika majuma yale. Nilimpigia simu mke wangu, aliye nyumbani bara, nikamweleza ubora wa soda ile mpaka akaniuliza kama nimepewa kazi ya kuiuza. Kwenye kundi la simu la wafanyakazi wenzangu niliandika makala nzima, yenye utangulizi na hitimisho, kuhusu uvivu wa ulimi wa Mkenya. Niliipa kila soda alama kati ya mia, kama mitihani. Ile nyeusi niliifelisha kwa furaha. Ile ya Kiarabu niliipa tisini na tatu, na nikaeleza kwamba nimeinyima saba kwa sababu kopo ni dogo.

Halafu nikachomwa na mwiba.

Ulikuwa wa mathenge, ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaamua kuwa jangwa wenyewe. Nilikuwa nakagua ua wa shule nje kidogo ya mji, nimevaa kandambili kwa sababu viatu vilikuwa vinanibana, na mwiba ukapita kwenye soli ukaingia kidoleni. Dereva ndiye aliyeuona. Aliuchomoa kwa koleo ya gari huku uso wake umekunjamana, na mimi nimesimama kimya. Alinisifu kwa ujasiri. Nikakubali sifa. Haukuwa ujasiri. Kidole kilikuwa hakisikii vizuri, na mtu mwenye sukari anayechomwa kwa urefu wa njiti ya kiberiti bila kupiga kelele angepaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilipitia dukani nikanunua kopo langu.

Baada ya juma moja kidole kilivimba. Baada ya mawili kilikuwa na tundu lenye majimaji, na ukingo mweusi. Nikaenda kliniki.

Muuguzi wa vidonda alikuwa mwanamke wa rika langu, Msomali wa hapa hapa mjini, aliyesomea kazi yake Nairobi na kurudi na Kiswahili kilichonyooka na subira iliyopinda. Alinitoboa kidole cha mkono, akatia tone la damu kwenye mashine, akaitazama, akaipiga kofi, akanitoboa kingine.

"Kumi na tisa," akasema. "Inatakiwa isizidi kumi. Mwalimu, umekula nini?"

Huku kila mtu wa idara ya elimu ni mwalimu. Nikamwambia nimekula mayai, mboga, mkate wa ngano.

"Chai?"

"Nimeacha chai tangu miaka mitatu."

"Asali? Tende? Halwa? Usinifiche, mimi si mke wako."

"Hakuna. Kitu kitamu pekee ninachotumia ni soda isiyo na sukari."

"Ipi?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa kirefu, hata alama tisini na tatu nikamtajia. Alikuwa akisafisha kidole, hakuinua kichwa. Alipomaliza akasema, "Ngoja daktari aje." Daktari akaja, kijana mrefu mwenye usingizi. Akabonyeza huku na huku, akasema kwamba nitachomwa insulini kila siku na kidonda kitasafishwa kila asubuhi. Weusi ukipanda mpaka kwenye kiungo, watakata kidole. Ukipita kiungo, wataanza kuzungumzia mguu. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi.

"Na hiyo soda," muuguzi akaniambia mlangoni, "kesho niletee kopo."

Nilimpelekea kopo tupu, na sitakataa kwamba nilitazamia kusifiwa. Kwenye benchi la wagonjwa walikuwepo mzee wa mifugo, mwanamke mwenye mtoto, na askari mmoja wa bara kama mimi. Muuguzi aliligeuza kopo upande wa nyuma, akalisogeza dirishani, akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti, kwa Kiarabu, taratibu, na mzee wa mifugo akaanza kucheka kabla mimi sijaelewa.

"Maji," akanitafsiria. "Sukari. Kaboni. Rangi. Sukari ni ya pili, mwalimu. Baada ya maji ni sukari."

"Haiwezekani."

"Soma mwenyewe."

Sikuweza, bila shaka. Mzee akaomba kopo. Mtu huyo, niliambiwa baadaye, hajawahi kuingia darasani ninakokagua mimi; alisoma chuo cha Kurani utotoni, akichunga ngamia. Alilishika mbali na macho, akaweka kucha yake juu ya neno.

"Hii hapa, sukari," akasema. Akanitazama mguuni, kisha usoni. "Wewe ndiyo unakagua mashule?"

"Ndiye," muuguzi akasema.

"Subhanallah."

Askari wa bara aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtikisika.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja dukani, nikichechemea, kwa hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilimwonyesha mama mwenye duka kopo na bandeji.

"Mama, kwa nini hukuniambia hii ina sukari?"

Alishangaa kwa dhati. Alivaa miwani, akalitazama kopo, kana kwamba huenda limebadilika.

"Sasa nitakwambia nini, mwalimu? Imeandikwa."

"Lakini unajua mimi ni mgonjwa!"

"Nilijua ulikuwa mgonjwa. Miaka tatu unakuja hapa, hapana sukari, hapana biskuti, mimi nakuhurumia. Halafu siku moja unanunua soda, mbili, tatu, unafurahi. Nikasema alhamdulillahi, mwalimu amebona. Nilikuombea hata dua ya shukrani." Akaangalia bandeji na sauti ikashuka. "Kumbe hujabona. Bole. Bole sana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mjanja, au mzembe. Dua ya shukrani haikuwa katika mpango wangu. Nikanunua mayai.

Kisha zikaanza zile asubuhi. Saa mbili kamili niko kwenye benchi, mguu juu ya kiti, na muuguzi anakata nyama iliyokufa kwa mkasi mdogo. Sehemu nyingine sikusikia kitu, na hilo ndilo lililonitisha. Nilitetemeka mpaka kiti kikapiga kelele. Siku ya tatu alichoka. Akachukua lile kopo, alilokuwa ameliweka dirishani kama kielelezo cha mahakamani, akaniwekea mkononi.

"Shika. Tafuta sukari. Ukitetemeka nitakata kisichostahili kukatwa."

"Sijui herufi hata moja."

"Ziko tatu tu. Hii yenye meno ni sini. Hii ni kafu. Hii ndogo, kama ndoano, ni ra. Watoto wa miaka mitano wanaziweza. Tafuta."

Nilitafuta. Mzee wa mifugo, aliyekuwa na kidonda chake kwenye kisigino, alinisahihisha kutoka upande wa pili wa benchi. Nilipochagua neno lisilo lenyewe alisema, "Hiyo maji, mwalimu." Nilipochagua jingine alisema, "Hiyo jina la mji." Muuguzi akikata, mimi nikisaka meno na ndoano. Siku ya sita nililipata bila msaada, na mwanamke mwenye mtoto akanipigia makofi mawili, ya polepole, ambayo hayakuwa ya pongezi.

Weusi ulikuwa umesimama chini kidogo ya kiungo. Daktari aliuchorea mstari kwa kalamu ya wino ya buluu juu ya ngozi, ili tujue kama unapanda. Sijawahi kuuangalia mstari wowote kwa makini kama ule, wala ramani, wala matokeo ya mtihani. Nyumbani niliutazama asubuhi kabla ya kuswaki. Niliogopa kuoga usije ukafutika. Mke wangu alitaka kusafiri aje. Nikamwambia asije kwanza, nikijua kwamba akiuona mguu ataniuliza tena zile alama tisini na tatu. Akaja.

Ndiye aliyekuwa ameketi karibu nami siku daktari alipoamua. Sukari yangu ilikuwa imeshuka hadi tisa, kisha nane. Yule kijana mrefu alivaa glavu, akainama, akabonyeza juu ya mstari, akabonyeza chini yake. Akamwambia muuguzi kitu kwa Kisomali. Muuguzi akaleta kibano, akavuta ganda jeusi lililokuwa limekauka ukingoni. Likatoka lote kwa pamoja, pamoja na kucha. Chini yake palikuwa na nyama ya waridi, mbichi, yenye unyevu.

"Kitabaki," daktari akasema, akavua glavu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mke wangu aliuliza kama ni hivyo tu. Muuguzi akasema ni hivyo tu, na vidonge kila siku, na viatu vilivyofunikwa mbele, na kwamba hataki kuniona tena hapa. Alimwambia yeye, si mimi. Wakaelewana mara moja, kama watu waliokabidhiana mzigo.

Kidole kimebaki. Si kidole cha kujivunia. Kimepinda kuelekea kwa jirani yake, ncha imekuwa bapa, kucha imeota nusu ikaghairi, na rangi yake ni ya viazi vilivyosahaulika kwenye gunia. Nikivaa soksi kinanasa. Mke wangu anasema nikiwa na wageni nisikitoe nje. Nami nakitazama kila asubuhi kwenye mwanga wa dirisha, mbele na nyuma, na kati ya kidole na kidole, kama alivyonionyesha muuguzi, kabla sijaruhusu mguu ugusane na kiatu.